UZI: Kutoa TV sebuleni. Nini kiandaliwe kabla, na kwa nini wengi huirudisha baada ya wiki mbili

Sebule_Wazi (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Kila shule zikikaribia kufungwa swali hili hurudi: tuishi na TV au tuitoe? Na kila mara tunaishia kubishana kama TV ni nzuri au mbaya. Naomba huu uwe uzi wa vitendo, aliyeamua kutoa aondoke hapa akijua aanzie wapi.

TV katika nyumba zetu ina kazi nne. Inaleta taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Inashikilia watoto kuanzia saa kumi jioni hadi chakula kiive. Inaonyesha mpira. Ya nne watu huisahau: inampa sauti ya binadamu mtu anayeshinda nyumbani peke yake, awe bibi, mgonjwa au dada wa kazi. Ukiondoa TV kabla kazi hizo nne hazijapata mwenyewe, simu itazichukua zote kwa mpigo. Hapo umepoteza zaidi, maana TV angalau watu huitazama pamoja na mtu mzima anaona mtoto anaangalia nini. Simu kila mtu huinama nayo kwenye kona yake.

Kwa hiyo TV iwe kitu cha mwisho kutoka. Anza na redio. Ya pili ni kugeuza makochi, na hapa ndipo wengi hukosea: TV inatoka, makochi matatu yanabaki yakitazama ukuta mtupu wenye msumari. Baada ya siku nne mtu anaweka kompyuta palepale. Makochi yatazamane, katikati kuwe na meza au mkeka, na taa ya juu iwe ya kutosha kusomea. Balbu ya LED ya wati 9 inatosha sebule ya kawaida. Ile ya wati 3 iliyozoeleka kwa kutazamia TV haifai, mtoto atasoma dakika tano macho yachoke.

Muda mzuri ni shule zinapofunguliwa, Januari au Julai, kwa kuwa ratiba ya nyumba inabadilika hata hivyo. Usitoe TV siku ya kwanza ya likizo. Na usiiuze kabla ya siku 60 kupita.

Fundi_Luku

Mkuu umefungua vizuri. Mimi niweke upande wa umeme, kwa sababu watu husema "TV haili umeme" na wengine husema "TV ndiyo inamaliza luku" (umeme wa kulipia kabla). Tupige hesabu.

TV ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 50, ya inchi 43 wati 60 hadi 80, ya 55 karibu 100 au zaidi ukiwa umeongeza mwanga. King'amuzi wati 8 hadi 15. Chukua TV ya 43 kwa wati 70, king'amuzi wati 12, saa sita kwa siku: 82 × 6 = wati-saa 492, karibu nusu uniti (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kwa mwezi uniti 15.

Sasa ongeza kile kisichoonekana. Ukizima kwa rimoti, TV yenyewe hubaki chini ya wati 1, hiyo haina shida. King'amuzi ni tofauti. Vingi vikiwa kwenye taa nyekundu havilali, vinaendelea kula karibu wati 8. Kwa saa 18 zilizobaki hizo ni uniti 4.3 kwa mwezi bila mtu kuona picha. Sabufa ya wati 25 ikiwaka pamoja na TV ni uniti 4.5. Jumla ya kona ile ya sebule ni kama uniti 24.

Kwa nini 24 ni kubwa? Kwa sababu ya D1. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliye kundi la bei nafuu la D1 hununua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, zinazozidi 350. T1, kundi la wateja wa kawaida, ni 292 kila uniti. Ukiweka VAT asilimia 18 na tozo za REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 zinakuwa 122, 427 na 356. Angalia nyumba yenye friji dogo (uniti 30), balbu tano za wati 9 kwa saa tano (7), feni moja usiku (12), pasi saa mbili kwa wiki (8) na simu (1). Hiyo ni 58. Ongeza kona ya TV unafika 82.

Uniti 58 za D1 ni shilingi 7,076. Uniti 82 ukiwa bado D1 ni kama 12,140. Lakini wastani wako ukizoea kupita 75 unahamishiwa T1, na hapo uniti 82 zilezile ni shilingi 29,192. Kwa hiyo swali la TV na luku lina majibu mawili. Aliye T1 tayari ataokoa kama 8,500 kwa mwezi, si pesa ya kubadili maisha. Aliye D1 na yuko ukingoni, TV ndiyo inayomsukuma ng'ambo. Fungua historia ya manunuzi yako ya luku ya miezi mitatu uone uko wapi.

Mlezi_Awali

Asante fundi, hesabu imetulia. Nije kwa watoto.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 ni mfupi: mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku na ikiwa pungufu ni bora. Unasema skrini, hautaji TV peke yake. Simu ya mama imo humo.

Jambo linalosahaulika ni TV inayowaka bila mtu kuitazama. Mtoto anacheza na vifuniko vya chupa chini, TV inaongea juu. Ikiwaka hivyo mzazi huongea maneno pungufu na mtoto, na mtoto hukatiza mchezo kila sauti inapobadilika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anajifunza maneno kwa kuambiwa yeye, akitazamwa usoni. Kama hujawa tayari kutoa TV, angalau hii ya kuwaka bure ikome leo.

Sasa saa kumi hadi saa moja jioni. Huu ndio muda unaoangusha nyumba nyingi, na anayebeba mzigo ni dada wa kazi. Anapika, anaanua nguo, ana watoto wawili miguuni. Ukimwambia "hakuna TV" bila kumpa kitu kingine, umemwongezea kazi ya saa tatu. Kaeni naye kabla, mwambieni kwa heshima, na mpange jioni upya:

Watoto waoge mapema, saa kumi na nusu, maji yenyewe ni mchezo wa nusu saa. Kisha wakae naye jikoni au uani wakifanya kazi halisi: mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchambua maharage kwenye sinia, kumenya vitunguu saumu, kupanga vijiko. Wa miaka mitano anaweza kuchambua mchele. Atachelewesha, ndiyo. Pika chakula rahisi siku za kazi. Vitabu vikae kwenye rafu ya chini, urefu wa sentimita 60 hivi, jalada likitazama mbele. Vikipangwa juu ya kabati vikionyesha mgongo, mtoto hatavigusa. Vitabu kumi vinatosha kuanzia, toa vitano, ficha vitano, badilisha Jumapili.

Siku ya tatu hadi ya kumi mtarajie kulia na kuzururazurura. Mtoto aliyezoea kupewa picha hajui aanze vipi kucheza. Msimtafutie shughuli kila dakika. Wiki ya pili ikiisha utaona anaburuta kiti, anafunga khanga, anatengeneza nyumba.

Mama_Tandika

Mlezi, hapo kwenye watoto ongeza jirani. TV ikitoka kwako, watoto wanahamia mlango wa pili. Saa kumi na mbili unawatafuta, wako nyumba ya watu wanatazama tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na huko hujui wanaona nini na nani yuko ndani.

Mlezi_Awali

Kweli mama, na hilo ni suala la usalama pia. Nenda kwa jirani mwenyewe kabla, usitume mtoto. Mwambie: "Jirani, tumetoa TV kwetu, watoto wakija saa hizi naomba uwarudishe, Jumamosi asubuhi waje kwa ruhusa." Majirani wengi watakuelewa. Usiseme TV inaharibu watoto, maana ya kwake inawaka. Na usifunge geti kabisa, mtoto akinyimwa asilimia mia atadanganya ili apate. Saa moja ya Jumamosi kwa jirani unayemwamini haiharibu kitu.

Kocha_Mtaa

Mimi sikubaliani na kutoa. Hamisha TV chumbani, sebule ibaki huru. Mpira utazamwe huko.

Sebule_Wazi

Mkuu, chumbani ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Sebuleni TV ina mashahidi, chumbani haina. Usingizi unakatwa, mume na mke wanalala wakitazama ukuta, na mtoto anaanza kuhamia kitandani kwenu kwa sababu ya katuni. Kama hutaki kuitoa, njia ya katikati ni hii: TV ibaki sebuleni, king'amuzi na TV viingie kwenye ekstensheni moja yenye swichi, swichi izimwe. Rimoti ikae kwenye droo, isikae kwenye mkono wa kochi. Juu ya kioo litundikwe pazia au kitambaa. Tofauti ya kubonyeza rimoti na kuinuka, kufunua, kuwasha swichi na kusubiri king'amuzi kiwake dakika moja au mbili inatosha kumfanya mtu ajiulize kama kweli anataka kutazama.

Mpira una jibu lake. Mechi za Uingereza za Jumamosi saa tisa alasiri kwao, huku ni saa 11 jioni majira yao ya joto na saa 12 wakirudisha saa nyuma. Zina ratiba, zinajulikana wiki nzima kabla. Chagua mechi moja kwa wiki, nenda kibanda umiza (banda la mtaani la kutazamia mpira kwa kiingilio) au kwa rafiki, utazame na watu. Ligi yetu ina matangazo ya redio, na watangazaji wa mpira wa redio wa Kiswahili wanakuonyesha uwanja kwa maneno, utajua mpira uko winga gani bila kuona. Linganisha kiingilio cha kibanda mara nne kwa mwezi na kifurushi kinachoonyesha ligi ya nje. Fanya hesabu kwa bei za mtaani kwako.

Kocha_Mtaa

Kwa hilo la ekstensheni na pazia nakubali. Nitaanza hapo.

Redio_Mbao

Nimesubiri redio itajwe. Wadau, Tanzania Bara haikuwa na TV hadi 1994, Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yaani mtu mwenye miaka arobaini kitu huko Bara alizaliwa nyumba isiyo na TV, na nchi ilipata habari. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili 1957, DW 1963. Redio ilizibeba kazi mbili kati ya nne alizotaja mwanzisha uzi, habari na sauti ya kumliwaza mtu.

Vitendo sasa. Usitegemee redio ya simu kwa intaneti. Kusikiliza kwa kilobiti 64 kwa sekunde kunakula kama MB 29 kwa saa, saa nne kwa siku ni GB 3.5 kwa mwezi, na ukigusa simu kuwasha redio umeshagusa kila kitu kingine kilichomo. Nunua redio halisi. Iwe na FM, iwe na mahali pa betri pamoja na waya wa umeme, na kitufe cha kuzungusha ili bibi aitumie bila kuuliza mtu.

Mapokezi yakisumbua, antena ya FM vuta ifike kama sentimita 75. Huo ni robo ya wimbi la megahezi 100, kuirefusha kwa waya wa mita tano hakuongezi kitu kwenye FM. Isimamishe wima, weka redio karibu na dirisha. Nyumba ya bati juu na nondo nyingi ukutani humeza mawimbi, kusogeza redio mita moja tu hubadilisha kabisa. Waya mrefu unasaidia masafa mafupi, huko mita tano hadi kumi zinaleta tofauti. Betri zitoe redio ikikaa muda mrefu bila kutumika, zikivuja zinakula vibati vya ndani.

Na iwe na betri kweli, kwa ajili ya dharura. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, TMA, mamlaka ya hali ya hewa, walikuwa wakitoa tahadhari mfululizo. Siku kama hizo upepo unaangusha nguzo, na hapo TV ya umeme haikusaidii hata ukiwa nayo.

Ngambo_Unguja

Naunga mkono. Nami nilete kilichokuwepo barazani: bao, keram, dhumna, karata. Watu hununua bao kisha linakaa pambo, kwa sababu wanaanza na mchezo wa wakubwa.

Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Watoto na wageni waanze na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna kete mkononi, mnacheza mara moja. Mtoto wa miaka saba anashika ndani ya jioni mbili au tatu. Bao la kiswahili lenyewe kila mmoja anapanga kete sita kwenye shimo la mraba liitwalo nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kuume kwake, na 22 zinabaki mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Hilo subirini miezi. Akishindwa mapema ataliacha.

Kete za komwe ni nzuri kwa vidole vidogo, ila kama kuna mtoto chini ya miaka mitatu ndani ya nyumba, bao lifungwe juu. Komwe moja inatosha kumkaba.

Sola_Masasi

Wa vijijini tusisahaulike. Betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 18, ina wati-saa 216 kwenye karatasi, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unazo 108. TV ndogo ya DC ya inchi 19 ikila wati 15 kwa saa tano ni 75. Zimebaki 33 kwa taa na simu zote, na siku ya mawingu haijai tena. Betri inayoshushwa sana kila usiku hufa mapema sana. Nyumba hiyohiyo bila TV inawasha balbu tatu za wati 3 kwa saa tano (45), inachaji simu mbili (20 hivi) na redio juu yake, na betri inabaki zaidi ya nusu. Kabla ya kununua betri ya pili, fikirieni hilo.

Mswahili_Ulaya

Kwa walio nje, angalieni sheria, kwa sababu faida ya pesa inategemea nchi. Uingereza leseni ya TV ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025. Hailipwi kwa kumiliki TV, inalipwa kwa kutazama matangazo ya moja kwa moja kwa chombo chochote, simu ikiwemo, au kutumia BBC iPlayer. Usipofanya vyote viwili unajaza tamko la kutohitaji leseni mtandaoni, barua zinapungua. Usitoe tamko kisha ukatazama mechi mubashara kwenye simu, faini inafika pauni 1,000. Ujerumani ni kinyume: mchango wa utangazaji wa euro 18.36 kwa mwezi unalipwa kwa kila makazi, uwe na TV au usiwe nayo. Huko toa TV kwa ajili ya watoto, pesa haitapungua.

Binti_Ukonga

Nimeamua kuifunga na kuiweka stoo kwa siku 60. Iwekwe vipi isife? Na ile ya chogo ya mama nayo ipo.

Fundi_Luku

Dada, ya flati isimame wima, usiilaze kioo chini wala juu. Kioo kikilazwa hubonyea katikati na siku ukiiwasha unaona mstari. Irudishe kwenye boksi lake na maboya yake. Kama halipo, funga kwa shuka la pamba kisha kadibodi pande mbili. Usiivike nailoni ya kubana, kwa joto letu la pwani unyevu unanasa ndani na kutu huanza kwenye pini. Isiguse sakafu, weka juu ya mbao, mbali na ndoo za maji na mafuta ya taa. Ikizidi miezi mitatu, itoe uiwashe saa moja, kapasita hazipendi kukaa muda mrefu bila umeme. Rimoti toa betri.

Ya chogo inchi 21 ina kilo 20 na zaidi na uzito wote uko mbele kwenye kioo, ikipangwa juu ya kabati mtoto akivuta inamwangukia. Iwe chini kabisa, kioo kikitazama ukuta. Usiifungue nyuma hata kama haijawashwa siku nyingi, mle ndani huweza kubaki chaji.

Binti_Ukonga

Asante sana. Na waya wa dishi uliobaki unaning'inia dirishani, nikate?

Fundi_Luku

Usikate. Ukikata, maji ya mvua yanaingia kwenye nyuzi na kunyonywa ndani ya waya wote, siku ya kurudisha utabadilisha mita zote. Chomoa kwenye king'amuzi, funga ncha kwa mfuko mdogo na selotepu ya umeme. Kabla waya haujaingia dirishani upinde chini kama herufi U, sentimita 15 hivi, maji yadondokee nje badala ya kufuata waya hadi ndani. Na ncha isiachwe ikigusa nondo za dirisha, msimu wa radi unakuja.